Kwaya ya mtaa na msimu wa matamasha: anzeni na dakika za mazoezi, nyimbo zifuate

Swali: Mimi ni katibu wa kwaya ya mtaa hapa Buruburu, Nairobi. Hatutoki kanisa moja; kila mtu ana kwake, na wachache hawaimbi kanisani kabisa. Tuko 38: soprano 17, alto 11, teno 4 na besi 6. Mazoezi ni kila Jumanne, saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa mbili unusu usiku. Wengi wetu tunasoma solfa, yaani nota za d, r, m, f, s, l, t. Wiki moja kabla ya Krismasi iliyopita tulifanya tamasha letu la kwanza, nyimbo 22, katika ukumbi wa viti 300. Ulijaa nusu. Kipindi cha pili sauti zilishuka hadi mpiga kinanda akashindwa kuungana nasi, na baadhi ya watu wakaondoka kabla ya mwisho. Sasa wanachama wanataka msimu wa matamasha matatu, Aprili, Agosti na Desemba, kila moja na nyimbo zake mpya. Tupange vipi?

Jibu: Katibu, umefanya vyema kutaja idadi ya kila sauti na saa za mazoezi, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo. Kwaya nyingi hupanga msimu kwa kuanzia na nyimbo. Kila mtu anataja anaoupenda, orodha inajaa, kisha miezi yote inayobaki mwalimu anaikimbiza orodha. Nyinyi anzeni na dakika mlizo nazo, kisha dakika ndizo ziwaambie ni nyimbo ngapi.

Mazoezi yenu yanaitwa saa mbili. Lakini Jumanne jioni, Jogoo Road ikiwa imeshikana, watu wataendelea kuingia hadi saa moja usiku. Ondoa nusu saa ya kungojana, dakika 12 za kupasha sauti na dakika 8 za matangazo. Zinabaki 70 za kuimba kwelikweli. Sasa upande wa pili wa hesabu: wimbo mpya wa sauti nne, wa dakika tatu au nne, kwa kwaya ya watu wenye kazi zao wanaosoma solfa, hula dakika 80 hadi 90 tangu usomwe mara ya kwanza hadi uweze kusimama mbele ya watu. Wimbo wa mwaka jana hufufuka kwa dakika 20. Wimbo unaobadili ufunguo mara mbili, au ulio katika lugha ambayo hakuna kati yenu anayeizungumza, utengeeni 150. Haya ni makadirio ya kuanzia. Mwezi wa kwanza mpeni mtu mmoja saa na daftari aandike kila wimbo umekula dakika ngapi, kisha mrekebishe kwa kasi yenu wenyewe.

Tuchukue lile tamasha la Desemba. Tuseme nyimbo 15 kati ya zile 22 zilikuwa mpya: 15 mara 85 ni 1,275, na saba za zamani mara 20 ni 140. Jumla 1,415, yaani Jumanne 20 na ushei, kabla hamjaimba programu nzima kwa mfululizo hata mara moja. Kama mlianza mazoezi Septemba, wiki hizo hazikuwepo. Kilichosikika kipindi cha pili ni nyimbo ambazo hazikuwa zimeiva.

Kwa hesabu hiyohiyo matamasha matatu yenye nyimbo mpya kila mara hayawezekani kwenu mwaka huu. Ushauri wangu ni programu mbili, kila moja iimbwe mara mbili, siku nane zikipita katikati, katika kumbi mbili za sehemu tofauti za mji. Mtakuwa na matamasha manne kwa kazi ya mawili. Nakala, sare na mazoezi yameshalipiwa, kwa hiyo la pili linagharimu ukumbi, mpiga kinanda, ulinzi, maji na leseni tu. Na kwaya huimba vizuri zaidi mara ya pili, kwa sababu hofu imeshatoka mwilini.

Tarehe nazo zinahitaji kubadilishwa. Aprili haifai: Pasaka huangukia humo au mwishoni mwa Machi, waimbaji wenu wanadaiwa na kwaya za makanisa yao, na masika yamepamba moto. Agosti shule zimefungwa, wazazi wanasafiri, na walimu walio kati yenu huenda wakawa na wanafunzi wao kwenye tamasha la kitaifa la muziki la shule na vyuo. Wiki moja kabla ya Krismasi ndiyo mbaya kuliko zote, maana baada ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, mji unaanza kumiminika mashambani. Sishangai ukumbi ulijaa nusu. Wekeni programu ya kwanza Jumamosi ya kwanza baada ya Madaraka, tarehe 1 Juni, na irudiwe Jumapili ya wiki inayofuata. Mishahara imeingia, mvua kubwa imepungua, na mtakuwa mmemaliza kabla ya tarehe 25 Juni na Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku za maandamano ambazo miaka hii ya karibuni barabara za katikati ya mji zimekuwa zikifungwa. Programu ya pili iwe Jumamosi ya mwisho ya Novemba, na irudiwe Jumapili ya kwanza au ya pili ya Desemba, kulingana na kalenda, mradi msivuke Jamhuri.

Tangu Jumanne ya pili ya Januari hadi mwisho wa Mei kuna Jumanne 20 hivi. Ondoa mbili za Pasaka na mbili ambazo mvua itazila, zibaki 16. Mara 70 ni dakika 1,120. Tengeni mazoezi matatu ya mwisho kwa kuimba programu nzima bila kusimama, dakika 210, halafu wekeni akiba ya dakika 90 kwa wimbo utakaokataa kuingia. Kila msimu hukosi mmoja. Zinabaki 820. Hizo zinatosha nyimbo saba mpya, dakika 595, na tisa za zamani, dakika 180, na salio la 45. Jumla ni nyimbo 16 zenye dakika kama 56 za muziki. Ongezeni mapumziko ya dakika 15 na mtu wenu mmoja apige ala au aimbe peke yake, na mna tamasha la saa moja na nusu. Msikubali lizidi hapo. Hadhira ya Nairobi ya Jumamosi jioni inawaza foleni ya stendi, na mtu akianza kutazama saa amekwisha kuwaacha.

Baada ya tamasha la pili la Juni pumzikeni hadi Julai. Kipindi hicho cha pili kina Jumanne 22 hivi, mkiondoa za Agosti, sikukuu na mvua za vuli zinabaki 17. Hapo mnaweza kubeba nyimbo sita za Juni, kuongeza saba mpya, na wimbo mmoja mzito.

Najua Desemba wengi watataka Hallelujah ya Handel. Wimbo huo uko huru kisheria, mtunzi alifariki mwaka 1759, na hadhira itausubiri. Lakini uangalieni kwa macho ya kwaya yenye teno wanne. Penye maneno ya kutawala milele na milele, besi wanaingia peke yao, teno wanafuata, kisha alto, kisha soprano. Teno wanne, mara tu baada ya besi sita, watasikika wembamba. Wapeni alto watatu wenye sauti nzito waimbe mstari ule pamoja nao hadi soprano waingie, kisha warudi kwao. Soprano nao, penye mfalme wa wafalme, wanapanda ngazi kwa kushikilia nota ndefu: D, E, F kali (F#), hadi G ya juu. Hapo ndipo watu hukaza shingo. Msione haya kuushusha wimbo mzima nusu toni; kinanda cha umeme kina kitufe cha kufanya hivyo. Uma wa kupimia sauti wa mwaka 1751 unaohusishwa na Handel hutoa A ya mitikisiko 422.5 kwa sekunde, nasi leo tunatumia 440. Kwa kushusha nusu toni mnasogea karibu na urefu wa sauti alioujua yeye mwenyewe.

Zile nyimbo nyingine zichagueni kwa kuangalia mambo mawili: teno, na mahali pa kupumzikia. Kwa upande wa teno, kataeni mwaka huu wimbo wowote unaogawa sauti za kiume mara mbili. Tafuteni tatu au nne za sauti tatu tu, ambapo wanaume wote kumi wanaimba mstari mmoja. Soprano 17 kwa alto 11 nayo haijakaa sawa. Mwalimu amsikilize kila soprano mmojammoja akishuka hatua kwa hatua hadi C ya kati na chini yake kidogo. Ambaye sauti yake inabaki nene na tulivu kule chini ni alto aliyewekwa soprano kwa sababu rafiki yake yuko huko. Mkiwapata watatu, mtakuwa 14 kwa 14. Wakati wa kusimama, teno wakae mbele katikati, wawili wawili kama mraba mdogo, besi nyuma yao. Wakitawanywa pembeni kila mmoja ataona lazima apige kelele ili asikike, na teno akipiga kelele anapanda juu ya ufunguo huku kwaya nzima ikishuka.

Kuhusu mapumziko: nyimbo za asili za kucheza, zenye kayamba na ngoma, ndizo zinazoamsha ukumbi, lakini mwimbaji aliyemaliza kucheza dakika nne anahema. Ukimwekea wimbo wa taratibu usio na ala mara baada ya hapo, atakata maneno katikati ili avute pumzi, na sauti itashuka. Baada ya wimbo wa kucheza ndipo mshereheshaji azungumze, au mpiga kinanda apige peke yake. Nyimbo za kubembeleza watoto pia zinapumzisha koo kwa sababu zinakaa katikati ya sauti, na kila jamii yetu inazo. Wimbo wa Taifa wenyewe ulitokana na bembelezi ya Wapokomo, ukaandaliwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano, Graham Hyslop na George Senoga-Zake wakiwemo.

Mkichukua wimbo wa Kikuyu au wa Kijaluo, kumbukeni kwamba lugha hizo zinatofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtafuteni mzungumzaji wa lugha asome maneno polepole kwenye simu, bila kuimba, na kila mtu apewe rekodi hiyo wiki moja kabla ya nota. Mzungumzaji huyo asikilize pia mpangilio wenyewe. Pale ambapo aliyeupanga amepeleka sauti juu mahali lugha inashuka, wenye lugha watasikia neno jingine.

Sasa karatasi. Hili linaonekana dogo, na ndilo linalokula dakika nyingi kuliko yote. Chukueni kipande hiki cha besi:

| d : d . r | m : – | s, : l, | d : – |

Koloni inatenga pigo na pigo. Nukta moja inakata pigo nusu, kistari kinashikilia sauti, na ile alama ndogo chini ya s na l inashusha nota oktava nzima. Sasa kitoeni kopi, halafu mtoe kopi ya kopi, kama inavyofanyika mtu anapopoteza karatasi na kuazima ya jirani. Kitu cha kwanza kufutika ni nukta kati ya d na r. Mmoja ataimba r kama pigo zima, mwingine ataiacha, na sauti hiyo imepitwa na wenzake. Cha pili ni alama ya oktava: besi wanaona s, wanapanda badala ya kushuka, wanagongana na teno. Mwalimu anasimamisha wimbo, anadhani besi hawajajifunza, anarudia mara tano. Kosa liko kwenye karatasi. Chapeni kila wimbo upya kwa herufi kubwa, zisipungue ukubwa wa 14, na mhifadhi nakala mama kwenye bahasha ambayo haigawiwi. Kopi zote zitoke kwenye nakala mama. Wekeni namba juu ya kila mstari mmoja ili mwalimu akisema tuanze mstari wa sita, wote waanze hapo kwa pamoja.

Angalieni pia mahali ufunguo unapobadilika. Wimbo ukitoka Doh ni G kwenda Doh ni D, s ya zamani ndiyo d mpya, na huandikwa herufi mbili, s ndogo juu kushoto mwa d. Ile s ndogo ni jina la zamani la sauti ileile. Anayesoma kwa haraka anaiona d na kurudi kwenye d ya G, na tangu hapo kila anachoimba ni sahihi kwa karatasi na kibaya kwa masikio. Zungusheni kila daraja kama hilo kwa kalamu nyekundu, na kabla ya kuimba mstari wenyewe sauti zote ziimbe s, halafu sauti hiyohiyo iitwe d, mara nne.

Jioni ya mazoezi ipangeni kulingana na basi na matatu. Waliofika mapema wapashe sauti: kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kutetemesha midomo, kisha nota tano za kupanda na kushuka, kila mara nusu toni juu zaidi. Saa moja kasoro robo fufueni wimbo wa zamani, ambao anayechelewa hatakosa kitu. Saa moja na dakika tano, wengi wakiwa wamefika, ndipo wimbo mpya uingie, kwa dakika 35 bila kukatizwa. Kisha kaeni, matangazo yatolewe hapo katikati, wakati miguu inapumzika na hakuna anayekimbilia mlangoni. Malizieni na wimbo mliokwisha kuujua ili watu waondoke wakiuimba. Saa mbili unusu ikifika, mfunge hata kama mko katikati ya mstari. Nauli hupanda mvua ikinyesha, na kina mama wanaoteremka Umoja au Kayole hawatarudi wiki ijayo mkiwazoesha kutoka saa tatu.

Wimbo mpya nao uanze na maneno yakisemwa kwa mapigo yake, bila sauti ya kuimba. Kisha besi na soprano kwa solfa pamoja, maana hizo mbili ndizo nguzo na kuta za wimbo. Teno na alto waingie baadaye, tayari wana cha kuegemea. Na anzeni na ukurasa wa mwisho. Kwaya inayoanza na ukurasa wa kwanza kila wiki huimba mwanzo kwa ushujaa na mwisho kwa mashaka, ilhali watu hubeba mwisho kwenda nao nyumbani.

Sauti kushuka, ambalo ndilo lililowaumiza, lina sababu zaidi ya moja. Uchovu ni moja: nyimbo 22 mkiwa mmesimama, ufunguo ungeshuka hata kwa kwaya kubwa. Nyingine ni hatua zenyewe. Waimbaji hupanda kwa hatua fupi mno na kushuka kwa hatua ndefu mno, hivyo wimbo ukizunguka mara kumi, kila mzunguko unaacha deni. Nota inayorudiwa mahali pamoja huzama. Mwambieni kila mtu aifikirie ya pili kuwa juu kidogo kuliko ya kwanza. Tazameni sana m na t, maana sauti hizo mbili zikilegea kwaya nzima inafuata. Katika mazoezi imbeni ubeti bila kinanda, kisha mpigaji aguse d kwa kidole kimoja mwishoni mwa kila mstari. Mtajua ni mstari gani unaowaangusha, nao kwa kawaida ni mmoja au miwili tu. Wimbo usio na ala ukiendelea kushuka kila wiki, jaribuni kuupandisha nusu toni. Nyimbo zilizoandikwa katika F zina sifa hiyo miongoni mwa walimu wa kwaya: ukizipeleka F kali, mara nyingi hutulia.

Ukumbi wa viti 300 si mkubwa kwa watu 38, kwa hiyo msipoteze pesa kukodi vipaza sauti kwa ajili ya kuimba. Kimoja cha mshereheshaji kinatosha. Mkienda kuukagua, ingieni ukiwa mtupu, mpige kofi moja kali, msikilize. Mwangwi ukifa kati ya sekunde moja na mbili, mko pazuri. Ukizidi tatu, kama ilivyo katika makanisa makubwa ya mawe, nyimbo za haraka zitavurugika. Punguzeni kasi na mtamke konsonanti mapema. Ukumbi wa mazulia na mapazia humeza sauti, na humo waimbaji hawasikiani, kwa hiyo simameni karibu zaidi, bega kwa bega. Na inueni macho muone paa. La mabati yasiyo na dari, mvua ya Novemba ikinyesha saa kumi alasiri, hakuna kwaya itakayosikika chini yake. Kwa programu ya pili chagueni jengo lenye dari au zege hata likiwa ghali zaidi.

Andikeni kwenye tiketi kwamba milango inafunguliwa saa nane unusu na kuimba kunaanza saa tisa, na saa tisa na dakika kumi mwe mmeanza. Hotuba za wageni waheshimiwa ziwe baada ya mapumziko, dakika tano, na aliyeombwa aambiwe hivyo siku alipoalikwa.

Pesa zihesabuni kwa viti nusu. Tuseme tamasha la kwanza lina gharama ya shilingi 90,000: ukumbi, mpiga kinanda, nakala, ulinzi, maji, leseni. Gawanyeni kwa 150, tiketi ni 600. Mkipata watu zaidi ya 150, ziada ni ya msimu ujao. Kila mwimbaji akiuza tano, mna 190 tayari. Malipo yapite kwenye till au paybill (namba ya malipo ya M-Pesa) ya kikundi, kamwe si kwenye simu ya mweka hazina, na mlangoni awepo mtu mwenye orodha ya majina na namba za malipo. Waliofika na ujumbe wa M-Pesa tu, bila tiketi, wataonekana kwenye orodha hiyo, na foleni haitakwama.

Leseni msiiruke. Kwa sheria ya Kenya wimbo unalindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na aliyeupanga kwa sauti nne ana haki yake pia kwa mpangilio wake, hata kama wimbo wenyewe ni wa asili. Ulizeni kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni shirika gani lenye kibali cha kukusanya ada mwaka huu, kwa sababu vibali hivyo hutolewa kwa muda. Mtunzi au mpangaji aliye hai hapa nchini mpigieni simu moja kwa moja. Wengi hufurahi, hukubali, na wengine huja kusikiliza.

Wiki ya tamasha fanyeni mazoezi Alhamisi ndani ya ukumbi wenyewe, na dakika 20 za kwanza zitumieni kuingia na kutoka. Watu 38 kupitia mlango mmoja wasipopangwa watachukua dakika nne, mbele ya hadhira iliyonyamaza. Kama hakuna ngazi za kusimamia, pangeni safu tatu, kila mtu akae kwenye nafasi kati ya vichwa viwili vya mbele, na kila mmoja ahakikishe anauona mkono wa mwalimu. Imbeni programu nzima kwa sauti ya chini. Koo za Jumamosi zinaamuliwa Alhamisi.

Baada ya tamasha la kwanza mna siku nane na Jumanne moja. Jumapili jioni mwalimu na viongozi wa sauti nne wasikilize rekodi ya simu na kuchagua sehemu tatu tu za kurekebisha, zisizidi hapo. Jumanne hiyo fanyieni kazi hizo tatu, hamisheni wimbo wowote ulioangushwa na uliotangulia, kisha watu waende nyumbani mapema.